Mdomo wa Mkwewe

Miaka ile ya vyama vingi, baada ya uchaguzi uliotuachia mitaa isiyosalimiana, nilipewa kazi ya kuzunguka vijiji vya kaskazini mwa Pemba. Nilikuwa karani, mwanamke wa makamo wa Wawi, mwenye hati nzuri, na pengine ndiyo sababu nilichaguliwa. Nilitakiwa kupima kama huduma za wanawake wanaopigwa na kudhalilishwa zinamfikia kila mtu: wajane, vizee, walemavu, wanaoishi pembezoni mwa msitu. Huduma yenyewe ilikuwa kituo kimoja mjini Chake, chenye daktari, askari wa kike na mshauri ndani ya jengo moja. Aliyekwenda huko alitakiwa awe na barua ya sheha wake, yaani kiongozi wa serikali kijijini kwao.

Makangale nilifika alasiri. Sheha alinipokea vizuri, akanihakikishia kwamba barua hamnyimi mtu. Nilijua kuwa nusu ya kijiji hawapiti hata mbele ya mlango wake kwa sababu ya chama, na kwamba wengine wameacha hata kuzikana. Nikaandika: "Sheha anatoa ushirikiano."

Nyumba ya mwisho ilikuwa karibu na msitu wa Ngezi. Barazani alikaa mwanamke wa miaka kama thelathini akisuka ukili wa mkeka, na pembeni yake mama mkwe wake, mtu mzima sawa na mama yangu.

"Huyu hasikii wala hasemi," bibi yule alinambia. "Mie ndiye mdomo wake. Uliza utakalo."

"Muulize kama kuna mtu anamuumiza humu ndani, na kama anajua pa kwenda."

Bibi alifanya ishara mbili tatu, fupi kuliko swali langu. Mkwewe aliuweka chini ukili wake, akajibu kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu. Alijigonga kifuani, akaonesha mlango, kisha akapandisha mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Palikuwa na alama, nyengine kongwe, nyengine mbichi. Akanitazama, akangoja.

"Anasema hana shida," alisema bibi. "Anashukuru kwa kuja kwako. Hayo kaungua jikoni."

Nimepika kwa kuni tangu utoto wangu. Najua moto unaunguza wapi na unaacha alama gani. Zile hazikuwa za moto. Lakini nilikuwa nimelelewa nisimfanye mtu mzima mwongo ndani ya nyumba yake. Kwa miaka mingi huo ndio udhuru nilioutoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilitaka nifike Wawi kabla ya magharibi. Niliandika kwamba amehojiwa na hana malalamiko. Fomu ilipouliza kama walemavu wanafikiwa, niliweka "ndiyo". Alikuwa bado ananitazama nilipofunga faili.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano Gombani. Mkuu wangu aliisifu sehemu ya Makangale kwa kuwa na "sauti ya mlemavu". Nilipigiwa makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya ya kusifiwa.

Miezi kadhaa baadaye nilitumwa kupeleka karatasi pale kituoni Chake. Nilimkuta yule mwanamke wa Makangale kwenye benchi, mkono wake mmoja umening'inizwa kwa kanga. Alikuwa na msichana wa bara, Mkristo, mwalimu wa skuli ya jirani kwao, ambaye dada yake mwenyewe alikuwa kiziwi. Urafiki wao ulikuwa umewapa lugha yao ya mikono. Mwalimu alimleta bila barua, na tangu asubuhi walikuwa wakiambiwa wairudie kwa sheha.

Yule mwanamke aliponiona alisimama haraka, na mikono yake ikaanza kusema. Mwalimu alimfuatilia, kisha akanigeukia.

"Bi, anasema ulishafika kwake."

"Ndiyo, nilifika."

"Anasema alikueleza yote na akakuonesha mikono. Amekuwa akingoja watu utakaowatuma. Anauliza, siku ile ulikuwa ukiandika nini?"

"Mwambie niliandika kama alivyosema."

Mwalimu akaugeuza uongo wangu kuwa ishara, moja moja. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akakaa, ameridhika. Mama mkwe alidanganya kumkinga mwanawe. Mimi nilikuwa najikinga mwenyewe.

Niliingia ndani nikamdhamini kwa askari, akapokelewa bila barua, mfupa ukafungwa. Wiki iliyofuata nilimwomba mkuu wangu tuubadilishe ukurasa ule.

"Ripoti imeshakwenda, Bi," alisema kwa upole. "Ukibadilisha ukurasa mmoja, wataulizia na nyengine."

Nilimshukuru, nikatoka. Sikuomba tena.

Mume hakufikishwa mahakamani. Wazee wa pande mbili walikaa, wakamaliza kwa talaka. Mwanamke alirudi kwa kaka yake, akaendelea kusuka. Mwalimu, kabla hajahamishiwa bara, alinifundisha ishara kila Jumamosi. Hakuniuliza kwa nini nazitaka.

Siku hizi hukutana na mwanamke yule sokoni Chake, akiuza mikeka. Akiniona huwaita wenziwe, akawaonesha kwa mikono kwamba huyu ndiye aliyemsaidia. Ishara za kumwambia ukweli ninazo. Nanunua mkeka, nauweka kwapani, naondoka.