Mafuta ya Maandazi kwenye Boila

Leokadia, jirani yangu hapa Wheaton, Marekani, ana mkono mzuri wa maandazi na kichwa kigumu. Siku za kazi anawahudumia wazee wa watu, Jumapili anatukaangia kanisa zima. Mafuta yanayobaki hayamwagi. Anayachuja, anayaweka kwenye madumu. Mrombo huyo hapotezi kitu!

Majira ya baridi ya 2007, mama yake alikuwa anakuja kutoka kwao Rombo, Kilimanjaro. Bibi huyo amepuliza kuni maisha yake yote, moshi umemharibu kifua. Leokadia alimwapia kwenye simu: "Mama, kwangu hutakohoa." Lakini boila yake ya mafuta, ya kupasha nyumba joto, ilikuwa inanuka salfa mpaka chumbani.

Basi akasikia redioni kwamba mafuta ya boila yakichanganywa na ya mimea, moshi na salfa hupungua. Kweli hupungua. Ila yeye hakungoja maelezo. Akashuka na madumu yake, akayamimina yote kwenye tangi la boila.

"Si ya mimea haya, Chebet?" akaniambia, anajichekea.

Woi! Asubuhi yake bomba lilitema moshi mweusi, theluji ya uwanja wangu ikawa kama imemwagiwa makaa. Halafu boila ikazimika. Mama naye tayari yuko ndani ya ndege.

"Nimemwita mama yangu aje agande," akalia. Nilimhurumia sana, lakini haki nilicheka pia.

Fundi Nehemiah, Mkenya mwenzangu, akafungua boila, akanusa. "Nani amekaanga humu?" Akatueleza: mafuta ya mimea ya boila hupitishwa kiwandani kwanza yawe mepesi. Haya ya kikaangio ni mazito, hayanyunyiziki vizuri, yanaungua nusunusu, ndiyo hayo masizi. Akasafisha boila, akalikausha tangi, akaagiza mchanganyiko wenyewe, wenye salfa kidogo.

Mama aliingia nyumba ina joto, haina harufu. Alasiri akajinyoosha kwenye kochi, usingizi ukamchukua. Leokadia akazima televisheni, tukatega masikio tukisubiri kikohozi.

Hakikuja. Leokadia akanibana mkono mpaka ukauma, machozi yanamtiririka.

Mama alipoamka akavuta pumzi ndefu, akatutazama kwa wasiwasi. "Mwanangu, nyumba hii hainuki chochote. Kweli huwa mnapika?"

Leokadia akakimbilia karai la maandazi. Mimi nikakimbilia yale madumu matupu, nikaenda kuyaficha kwangu asije akayajaza tena.