Siku Shangazi Alipofika Ulaya Kabla ya Baba Mdogo Kufika Bukoba

Sisi tuliokulia kijijini Uru, kule mlimani, miaka ile ya tisini, ndege ilikuwa kitu cha kukimbilia. Tukisikia mngurumo tu, tunatupa ndoo za kahawa, tunatoka migombani kuipungia mikono na kuiomba ituletee mkate. Watoto wa leo ndege ikipita hata macho hawayainui kwenye simu.

Ulaya kwetu ilikuwa mbali kama mbinguni. Shangazi Anjela, dada mdogo wa baba, alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Uholanzi, bibi alilia kama anayezika. Akamnywesha mbege, pombe yetu ya ndizi, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwambia, "Nenda mwanangu. Mimi hutanikuta."

Siku hiyohiyo baba mdogo Prosper, aliyekuwa mwalimu Bukoba, naye alirudi kazini. Huyo hakuna aliyemlilia. Alipanda basi alfajiri na mkungu wake wa ndizi, utadhani Bukoba hakuna ndizi. Shangazi akapelekwa uwanja wa ndege jioni.

Kesho yake tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, katekista akaja anahema kutoka parokiani, kulikokuwa na simu pekee ya kijiji.

"Anjela amepiga. Amefika."

"Amefika wapi?" baba akauliza.

"Amsterdam. Anasema ameshakunywa na chai."

Baba alikaa chini, juu ya maganda. Mama alibaki na kisu mkononi, hakati, hakiweki. Bibi ndiye aliyeuliza, "Na Prosper?"

Prosper hakuwa amefika hata Mwanza. Tulikuja kusikia kwamba basi lao lilikuwa limenasa kwenye tope huko Singida.

Tulidhani bibi atafurahi. Kumbe tangu siku ile alianza kusubiri. Zamani aliyekwenda Ulaya amekwenda, basi. Sasa alijua ni usiku mmoja tu. Kila Krismasi, watu waliporudi nyumbani kutoka kila mji, alifagia njia mpaka barabarani. Jioni anamuuliza baba, "Kama ni mwendo wa kulala na kuamka, mbona haji?" Baba alieleza habari za masomo, mwaka mwingine kazi, mwaka mwingine watoto. Bibi akamjibu, "Prosper anapita kwenye tope, na anakuja."

Shangazi alikuja bibi alipofariki. Alipewa habari asubuhi, na kesho yake alikuwa amesimama kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kabla kaburi halijachimbwa.

"Kumbe inawezekana," mama alisema taratibu.

Shangazi alisikia. Alikaa palepale kwenye kizingiti cha bibi, na koti lake zito la Ulaya, asiweze kuingia.

Siku hizi wanangu wanazijua safari za angani kwa kichwa, na ndege wanaifuatilia kwenye simu mpaka itue. "Baba, dunia imekuwa kijiji," wananiambia. Enzi zetu dunia ilikuwa kubwa, na asiyekuja alisamehewa kwa ajili ya umbali. Leo umbali umeondoka, na sijui sisi tusiokwenda nyumbani tusingizie nini.