Parachichi Kwenye Reli

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkausikia kwa watu: nilipaka reli parachichi. Nilipaka reli zote mbili, pale kilima kinapoanza baada ya stesheni yetu, nikapaka kama mtu anayempakia mgeni mkate siagi.

Hulikumbuka jambo hilo kila mara mpishi wa shule anapotukatia maparachichi siku ya Ijumaa. Wenzangu hunusa chakula. Mimi hunusa mvuke, moshi na chuma cha moto.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo, chini ya Mlima Kenya, na jukwaa lake lilikuwa fupi hivi kwamba abiria wa mabehewa ya nyuma walishukia kwenye nyasi. Wazungu waliijenga ili wasafirishe mazao ya mashamba yao, wakaweka madirisha mawili ya tiketi: moja lao, moja letu. Uhuru ulipokuja, letu likawa la kila mtu. Lile lao likachukuliwa na kuku wa Bwana Wafula, stesheni masta, nao walitaga humo kwa heshima zote za daraja la kwanza.

Bwana Wafula alitoka mbali, upande wa magharibi, na alivaa kofia ya kazi hata akipalilia sukuma wiki. Ndiye aliyewaruhusu akina mama kuwauzia abiria jukwaani. Ruhusa hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa mdomoni mwake tu.

Mama aliuza mahindi ya kuchemsha. Shida ilikuwa garimoshi la kwenda Nanyuki. "Hilo ni mgeni anayeaga kabla hajaketi," mama alizoea kusema. Abiria akiingiza mkono mfukoni, filimbi! Mahindi yaliyobaki tuliyala sisi: usiku, asubuhi, na kwenye mkebe wa shule. Nilikuwa na miaka minane, nikaona nikila hindi moja zaidi nitaota majani. Nikaamua garimoshi likae kidogo.

Basi siku ile niliyopaka reli likaja, likapiga filimbi, likaondoka. Pale kilimani magurudumu yakaanza kuzunguka bure, injini ikikohoa kama babu, kisha garimoshi zima likarudi nyuma polepole hadi jukwaani, kama lililosahau mwavuli. Likajaribu tena. Likarudi tena. Abiria wakachoka, wakashuka, wakanunua. Sufuria ya mama ikabaki maji matupu. Nilisimama kando yake nikijipongeza kimoyomoyo, mpaka dereva alipotujia ameinua kidole cha kijani.

"Wafula! Hii ni stesheni ama ni soko?"

"Kuna nini, dereva?"

"Angalia! Ni watoto ya hawa wamama wako wamepaka reli! Nikifika Nanyuki naripoti. Watolewe hapa wote, hata kesho nisiwaone!"

Akina mama wakaanza kukusanya sufuria zao. Mti wa maparachichi uliokuwa karibu na stesheni ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wetu. Mama aliiangalia mikono yangu, nami nikaificha nyuma, jambo ambalo halikusaidia.

Bwana Wafula alikinusa kile kidole. Akavua kofia.

"Pole sana. Jana gunia ya maparachichi ilipasuka hapo, nikasahau kufagia. Ripoti mimi."

"Ati wewe?"

"Mimi. Sasa leteni mchanga, watu wafike nyumbani."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa, kwa maana hapakuwa na gunia lolote. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi. Mchanga ukamwagwa, garimoshi likapanda, na kesho yake akina mama wakarudi jukwaani na sufuria zao kama kawaida.

Likizo iliyopita ndipo mama aliponieleza. Wakati ule Bwana Wafula alikuwa akingoja kuhamishiwa stesheni ya karibu na kwao, alikokuwa mkewe na watoto. Tayari alikuwa ameanza kugawa kuku. Baada ya ripoti ile uhamisho haukuja, na ikabidi aendelee kukaa nasi kwa muda mrefu, akituvumilia sisi na baridi yetu. Karo yangu ilitoka kwenye sufuria ile aliyoiruhusu ibaki jukwaani. Nimefika kidato cha tatu, nimefundishwa mashujaa wa kila aina, na bado sijamsoma aliyeikosa safari ya kwenda kwao ili mahindi ya mama wa watu yauzwe.

Lakini jioni ile sikujua lolote. Nilivaa kaptura mbili, nikangoja fimbo. Mama hakuishika. Alifukua maparachichi niliyoyabakisha kwenye majani ya migomba, alimokuwa ameyafukia yaive, akachagua yaliyo mazuri, akayapanga kikapuni na kunikabidhi.

"Mpelekee Bwana Wafula," akasema. "Mwambie haya ni ya kula."