Tausi na Viunzi vya Miwa

Mtu akipaka nywele mafuta ya nazi karibu nami, mimi hunusa tandiko la farasi. Nichekeni mkitaka. Nyumbani kwetu Diani mafuta ya nazi yalikuwa ya kulainisha ngozi ya tandiko kwanza, kichwa changu baadaye, na kila Jumamosi asubuhi Baba alikaa barazani akisugua hadi harufu ile ikaishinda ya chai.

Baba alikuwa karani katika ofisi za serikali kule Matuga. Siku tano kwa juma aligonga mihuri. Ya sita alikuwa mpanda farasi, tena wa mbio za kuruka viunzi, kwa mapenzi tu, bila malipo. Mama alikuwa akisema ameifunga mifupa ya mumewe mara nyingi kuliko alivyojifunga leso.

Ugonjwa huo Baba aliurithi. Babu alitoka Ukambani kijana akawa saisi, mtunza farasi wa matajiri. Kwa miaka arobaini aliwalisha, akawaosha, akawatembeza wapoe baada ya mbio. Kushindana mwenyewe hakuruhusiwa. Alipostaafu, tajiri wake wa mwisho, aliyekodisha farasi kwa wageni wa mahoteli, alimwachia farasi jike mmoja, Tausi. Macho ya Babu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na ombi lake lilikuwa moja.

"Nimwone mmoja wa nyumba hii akishinda," alisema, "kabla sijawa wa kuhadithiwa."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Nilimpenda Tausi kupita kiasi. Kila jioni nilimpelekea kwa siri majani mabichi ya miwa, niliyopewa na jirani aliyelima Ramisi. Baba alikuwa amenikataza. Lakini ni nani angeuweza ulimi ule wenye joto ukikulamba kiganja?

Mbio za mwaka ule zilifanyika Msambweni. Kwa desturi viunzi vilivikwa makuti, ila mahoteli yalikuwa yakiezeka upya na makuti yote yalikuwa yameshanunuliwa. Waandalizi wakavivika majani ya miwa. Farasi wengine hawakuijua ladha yake. Wetu aliijua vizuri sana.

Baba alitangulia tangu kiunzi cha tatu. Babu alinibana mkono hadi ukaniuma.

"Nani yuko mbele? Sema, mwanangu!"

"Baba, Babu! Baba!"

Kwenye kiunzi cha mwisho Tausi alisimama ghafla, Baba akabaki ameikumbatia shingo, na bibi yule akaanza kuyala majani. Uwanja mzima uliangua kicheko. "Mchape!" watu walipiga kelele. Baba alikuwa na kiboko mkononi. Alimpapasa shingo, akamngoja ameze, akamrudisha nyuma, kisha wakaruka vizuri ajabu. Walikuwa wa mwisho.

"Mbona wanacheka?" Babu aliuliza.

Baba alishuka, akaja moja kwa moja hadi mbele ya Babu. "Shikamoo, baba," alisema, akamkabidhi hatamu kwa mikono miwili. "Tumeshindwa."

"Marahaba," Babu aliitikia, na machozi yakamtoka. Akamtembeza Tausi polepole mbele ya watu wote, nami nikalia kwa hatia.

Njiani kurudi nilikiri. "Nilijua," Baba alisema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila kesho mpe nyasi."

Machozi yale ya Babu niliyabeba miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima, naye haoni tena kabisa, niliketi kando yake nikamwomba radhi kwa kumnyima ushindi wake. Alishangaa.

"Ushindi gani, mjukuu wangu? Miaka arobaini matajiri walikuwa wakishuka na kunitupia hatamu bila kunitazama usoni. Siku ile ndipo nilipopewa mkononi, tena kwa shikamoo."

Kumbe nilikuwa nimesimama pale pale, nikimlilia mtu aliyeshinda.