Mama Mkwe Aliniombea Nipate Kazi Nikiwa Kazini

Admin, nifiche jina tu. Mtaa uache ulivyo, waliokuwepo watajijua, na mimi nataka wajijue.

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne, tunaishi mtaa wa Umoja. Kazi yangu naifanyia chumbani. Mimi ni msaidizi wa mtandaoni wa studio moja ya mazoezi iliyo ng'ambo. Mwanachama akitaka kuhamishwa kutoka darasa la Jumanne hadi la Alhamisi, mimi ndiye ninayemhamisha. Aliyepotea wiki mbili, mimi ndiye ninayemwandikia kumuuliza goti linaendeleaje. Na darasa la mtandaoni likianza, asubuhi kwao, saa kumi jioni kwetu, mimi ndiye ninayelifungua, nawakaribisha wageni kwa majina, kisha nazima maikrofoni na kutulia kimya hadi mwisho. Meza yangu imebanwa kati ya kitanda na kabati. Mlangoni nimebandika karatasi: NIKO KAZINI, USIBISHE. Mtoto wangu hajui kusoma lakini hiyo karatasi anaiheshimu.

Mume wangu alipoteza kazi ya ofisini mwaka juzi. Sikumdharau hata siku moja, Mungu ni shahidi. Aliniomba kitu kimoja tu, mama yake asijue. "Mathe ana presha. Akijua ataishia kulazwa hosi. Acha tu ajue niko job." Nikamwambia basi angalau ajue kwamba na mimi nafanya kazi. Akakataa. "Ataanza kuuliza nani analipa nini." Nikakubali, mjinga mimi.

Mama mkwe anaishi mtaa wa Tena, hapo karibu. Kila akija, mume wangu huibandua ile karatasi mlangoni, huvaa shati la kazi, shati nililolipiga pasi mimi, na kujifanya ametoka ofisini mapema. Mimi nami naonekana mwanamke wa kushinda chumbani na mitandao. "Binti," ananiambia nikimpakulia chakula nilichonunua mimi, "mwanangu atabeba hii nyumba peke yake mpaka lini?" Mume wangu anaangalia sahani yake. Mwaka mzima na zaidi anaangalia sahani!

Sasa sikieni ya Jumanne iliyopita. Darasa limeanza, wanachama wamelala kwenye mikeka yao wanasubiri mwalimu, maikrofoni yangu iko wazi nasoma majina ya wageni watatu. Mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo, na nyuma yake akina mama wanne wa kanisa lake, vitambaa vyeupe kichwani. Nikainua mkono kuwazuia. Wao wakadhani nimeinua mkono kupokea maombi! Mmoja akaushika akaupandisha juu zaidi. Mama mkwe akaniwekea kiganja kichwani, juu ya hedifoni, na kuanza kwa sauti ya mkesha.

"Baba, vunja roho ya uvivu! Mfungulie huyu binti mlango wa kazi! Mwanangu amechoka, Baba!"

Nilikuwa kazini. Naombewa kazi nikiwa kazini! Kwenye skrini watu walikuwa wanainuka kwenye mikeka mmoja mmoja. Mmoja akaandika, huyu dada anashambuliwa? Tuite polisi? Nikawa napapasa nizime maikrofoni kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine umeshikwa. Kabla sijafika, mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akaifunga laptop yangu ili nisisumbuliwe na mambo ya dunia.

Hao siwalaumu sana, walikuja kwa upendo na walichoambiwa. Lakini mlango nani aliufungua? Mume wangu alijua ni saa ya darasa. Karatasi anaijua. Niligeuka nikamwona amesimama hapo na shati lake, macho ameyafumba. "Amina," alisema. "Amina, Mama."

Hiyo Amina ndiyo iliyonipandisha hasira. Nilipiga kelele, "Tokeni! Tokeni kwangu wote!" Sikuongea kwa heshima, nakubali. Mama mkwe alishuka ngazi akilia kwamba nina pepo, na wapangaji wa ploti nzima wakatoka kusikiliza.

Bosi aliniandikia siku hiyohiyo. Nilipoajiriwa niliahidi chumba tulivu, sasa ameniondoa kwenye madarasa, na hadi Ijumaa nieleze wale walikuwa nani na kwa nini yasitokee tena. La sivyo ananiacha. Mwishoni akauliza, uko salama huko nyumbani? Nimelisoma hilo swali mara nyingi. Mtu ambaye hatujawahi kukutana naye ndiye pekee aliyeniuliza hivyo.

Mume wangu yeye ana majibu tayari. "Mwambie ilikuwa redio ya jirani. Na Sunday twende kwa mathe umwombe msamaha, wazee watakuwepo."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi niseme nini na sikutukana mtu?"

Sasa nyinyi mnaosoma hapa, niambieni. Niende Tena nipige magoti mbele ya wazee, nikubali kwamba mimi ndiye mvivu mwenye pepo? Ama nimwambie mama mkwe ukweli wote, kwamba mwanao hana kazi tangu mwaka juzi na hii nyumba inabebwa na huyu mliyekuja kumwombea? Nikisema, huenda ndoa ikaishia hapo, na presha ya mama ikipanda nitaambiwa nimemuua. Nikinyamaza, watarudi na maombi yao, na kazi itaenda kweli. Wa kuniambia nivumilie apite tu, nimevumilia ya kutosha.

Leo asubuhi ameniletea lile shati nilipige pasi, ati la Jumapili. Liko hapo kwenye kiti. Sijaligusa.