Hita ya Matofali ya Shemeji Milisav

Msimu wa baridi wa kwanza baada ya shemeji yangu Milisav kustaafu, dada yangu Desanka alikonda. Hakuwa mgonjwa. Milisav aliendesha basi kati ya miji ya Nova Varoš na Užice karibu maisha yake yote ya kazi, na mtu aliyezoea kuwaamuru abiria wasogee nyuma hawezi kukaa kitako jikoni akanyamaza. Alisema supu inataka chumvi kabla hajaionja. Alipanga upya makopo ya viungo kwa kufuata urefu. Alisoma matangazo ya vifo gazetini kwa sauti, na kila marehemu alimtafutia ukoo mpaka akampata. Mimi naishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo, na sakafu yetu ni nyembamba, kwa hiyo nilimsikia dada yangu akibamiza vifuniko vya sufuria kwa nguvu kuliko upishi ulivyodai.

Vuli iliyofuata, majani yalipoanza kudondoka, Desanka aliniita chini ili kuwe na shahidi, halafu akamgeukia mumewe.

"Milisav, mume wangu, baridi hii jikoni sikutaki."

"Sasa nikae wapi? Juu ya paa?"

"Gereji ipo. Una mbao, una misumeno, una randa. Katengeneze mizinga yako ya nyuki huko. Uje kula, uje kulala, basi."

"Mwanamke wee, gereji ile gundi haishiki kwa baridi! Vidole vyenyewe havishiki!"

"Nunua hita. Lakini ukinirudia humu, mimi naondoka, naenda kwa mama."

Mama yetu ni marehemu, na Milisav akamkumbusha hilo. Desanka akajibu kwamba analijua, na ndiyo maana amepachagua, maana huko kuna utulivu.

Namjua dada yangu. Mzaha ulikuwa mdomoni tu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kwelikweli, na nilimwonea huruma. Nikamwambia shemeji, tafuta hita upesi kabla theluji haijaanguka.

Kwetu huku mtu hanunui kitu mpaka mtaa mzima uje kukikataa kwanza. Milisav akatoa chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, gerejini, na habari ikasambaa yenyewe. Nilianza mimi. Nilileta hita yangu ndogo ya feni, nikaichomeka, nikarudi nyuma kwa majivuno. Feni ikapuliza maranda yote ya sakafuni, yakaruka, yakatua juu ya mzinga uliokuwa umetoka kupakwa gundi. Mzinga ukaota manyoya. Milisav akaukodolea macho, akaniambia ahsante sana shemeji, sasa nitafuga kuku humo. Kisha akawasha msumeno wa umeme, na fyuzi ya nyumba nzima ikakatika, na pai ya jibini ya Desanka ikabaki mbichi ndani ya oveni. Nikarudisha hita yangu juu kimyakimya.

Akaja jirani Tihomir. Huyu alikuwa zimamoto mpaka alipostaafu, na ushauri wake ulikuwa moto.

"Jiko la chuma," akasema. "Unatia kuni, unakoka, unasahau."

"Tihomir, humu kuna maranda, kuna vanishi, kuna nta ya nyuki!"

"Basi hutahangaika kuliwasha."

Akachukua chaki, akachora ukutani tundu la bomba la moshi. Dirisha la jikoni likafunguka palepale juu ya vichwa vyetu. Desanka akasema bomba hilo likitokea chini ya kamba anayoanikia mashuka, atamkausha Tihomir mwenyewe kwenye moshi pamoja na soseji. Tihomir akafuta chaki kwa mkono wa koti.

Mkewe, Kosara, alikuwa na wazo la maana zaidi. Mwanawe anatumia hita ya gesi, ile yenye mtungi mgongoni, na inapasha joto mpaka unavua fulana.

"Shida yake nini?" akauliza Milisav, maana alishajifunza.

"Haina shida. Unaacha dirisha wazi kidogo tu, upate hewa."

Sote tukageuka kulitazama dirisha. Mlango wa gereji uko upande mmoja, dirisha liko upande wa pili, na benchi la Milisav liko katikati. Upepo ungepita hapo moja kwa moja na kumkuta shingoni. Msicheke. Shangazi yake Tihomir alikaa kati ya dirisha na mlango kwenye harusi, akageuza uso kumwangalia bibi harusi, na uso haukurudi mbele mpaka Pasaka. Sisi tuna mizinga, tuna misumeno ya umeme, tunapanda juu ya paa tukiwa tumelewa, lakini hakuna mtu mwenye akili zake anayekaa kwenye upepo unaopita. Kosara mwenyewe akajipiga paji la uso na kuomba msamaha.

Ndipo Tihomir akakumbuka hita ya matofali. Ilikuwa chini ya nyumba yao, imefunikwa zulia. Ni sanduku la bati lililojazwa matofali mazito. Usiku linakula umeme wa bei nafuu, matofali yanashika moto, na mchana kutwa yanatoa joto polepole. Halina mwali wala moshi, na halihitaji dirisha. Milisav akalizunguka, akalipigapiga kama ng'ombe wa mnadani, akasema hili ndilo.

Tuliyatoa matofali tukayabeba mikononi moja moja, mimi na Milisav, huku Tihomir akitembea mbele yetu na kuyaelekeza magari yapite pembeni, ingawa hapakuwa na magari. Mgongo wangu ulilia. Hita tukaiweka kwenye ukuta pekee wenye nyaya nene za kutosha, pembeni ya pipa la bluu.

Na hapa ndipo tulipofanya upumbavu wetu. Pipa lile lilikuwa la kabichi. Huku kila nyumba inazamisha kabichi nzimanzima kwenye maji ya chumvi wakati wa vuli, na gereji imejengwa kwa ajili ya pipa hilo kwanza, gari baadaye. Kabichi inataka baridi ichachuke taratibu. Ikipata joto inalainika, inanuka, unaimwaga. Mtoto wa shule analijua hilo. Lakini pipa huwa limesimama pale kila mwaka, na wanaume watatu wenye jumla ya meno machache tulilitazama tukaona ukuta.

Milisav akaishi raha mustarehe. Alifanya kazi kwa fulana ya ndani, akipiga mluzi. Jikoni Desanka alianza kuimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu harusi yake, na mashavu yake yakajaa. Nilifurahi kwa ajili yao wote wawili.

Kisha asubuhi moja Milisav akaniita kwa ishara ya kidole, kama mwizi. Kazi yake kwenye pipa ni kufungua bomba dogo la chini, kuteka maji ya chumvi, na kuyamwaga tena juu. Alikuwa ameshika ndoo na uso umempauka.

"Shemeji, njoo usikie."

Nikaweka sikio kwenye pipa. Ndani kulikuwa kunatokota.

"Milisav! Linachemka!"

"Punguza sauti! Unataka dada yako ashuke?"

"Mungu wangu. Na Aranđelovdan imekaribia!"

Malaika Mkuu Mikaeli ndiye mtakatifu wa nyumba yao. Siku yake, hiyo Aranđelovdan ya mwezi wa kumi na moja, hatumwaliki mtu, na watu wote wanakuja, na wote wanatarajia sarma: nyama na mchele vilivyoviringishwa kwenye jani la kabichi chachu. Nyumba isiyo na sarma siku hiyo ingekuwa bora ihame mji.

Milisav akakaa juu ya mzinga. "Nifikirie vizuri. Nikizima hita, naganda, narudi jikoni, ananiacha. Nisipoizima, kabichi inakufa, ananiacha vilevile."

"Labda angekuacha kwa upole zaidi kwa lile la kwanza."

"Shemeji, nyamaza unisaidie."

Tukalivika pipa mablanketi kuzuia joto. Tukalizungushia theluji, ikayeyuka ikatulowesha soksi. Mwishowe Milisav akafungua mlango wa gereji wazi kabisa, akavaa koti zito na kofia ya manyoya, akaendelea kupiga randa mbele ya hita iliyowaka, dirisha amelifunga na kuliziba kwa gazeti ili upepo usipite. Kosara alimwona kutoka barabarani, akaja kuniuliza kama shemeji yangu bado anatambua watu.

Mkesha wa sikukuu Desanka akashuka na beseni. Hakuwa amekanyaga gereji tangu siku ya makubaliano, kwa kuwa alitaka kutimiza upande wake. Milisav akasimama mbele ya pipa na kukunjua mikono.

"Kabichi nitakutolea mimi, mke wangu. Pumzika."

"Tangu lini? Hebu pisha."

Akayaona mablanketi. Akaiona hita. Akafunua kifuniko, akachana kipande cha jani, akatia mdomoni. Tukamtazama akitafuna. Alitafuna muda mrefu.

"Nani amegusa kabichi yangu?"

"Vidoje!" akasema Milisav, na kuninyooshea kidole, mimi niliyembebea matofali.

"Imeiva," akasema Desanka.

Hatukuelewa. Akachana kipande kingine, akakiinua kwenye mwanga, cha manjano, laini, kinachovutika kama ngozi ya glavu. Nyumba za mtakatifu huyu huwa na mkosi wao: siku yake inakuja mapema, kabichi haijachachuka, na kila mwaka tunalichemsha jani gumu kwa siki na kujifanya hatuoni. Mwaka huu ilikuwa tayari. Joto la matofali lilikuwa limeiharakisha, na lingeiharibu kweli kama angeshuka wiki moja baadaye.

Kesho yake nyumba ilijaa. Padri alikata mkate, akaonja sarma, akaomba nyingine, kisha akaomba nyingine na kusahau alikuwa akienda nyumba ya pili. Kosara aliacha kutafuna.

"Desanka, shoga yangu. Hii umenunua wapi?"

"Ninunue? Mimi?" Desanka akanyoosha mgongo. "Mume wangu amenitengenezea gereji maalum. Amepima joto mwenyewe. Mambo ya kitaalamu haya, huwezi kuyaeleza mezani."

Milisav alikuwa na chupa mkononi, na rakija ikamwagikia kitambaa cha meza. Dada yangu hakuwahi kumsifu mbele za watu, na mzee wa watu alipangusa macho kwa mkono wa shati akisingizia kitunguu.

Asubuhi akaja Kosara akisukuma toroli lenye pipa. Mtakatifu wao ni Nikola, anakuja mwezi unaofuata, na kabichi yao bado ilikuwa ngumu kama mpira. Nyuma yake akaja jirani mwingine na pipa, na nyuma ya huyo mwingine. Walipanga foleni mpaka barabarani. Desanka alisimama mlangoni mwa gereji, bado amelewa sifa za jana.

"Leteni tu, jamani! Nafasi ipo!"

"Ipo wapi?" akauliza Milisav.

"Toa hilo benchi lako."

Tukalitoa. Mapipa yakaizunguka hita kama wazee kwenye moto, na gereji ikajaa mpaka mlango ukafungwa kwa bega. Misumeno ikapelekwa chini ya kitanda. Mizinga ikapangwa kwenye ushoroba. Hapo nikashuka kuangalia, na nikamkuta Milisav mezani jikoni, amepata joto, ana furaha, anapigilia fremu za mizinga kwa nyundo na kumweleza mkewe jinsi ya kushika kisu cha kumenyea viazi.

"Kidole gumba chini, Desanka. Chini. Si hivyo. Nipe nikuonyeshe. Unajua, kule Užice kulikuwa na mwanamke mmoja abiria wangu, alimenya viazi safari nzima."

Niliona dada yangu akielewa, taratibu, kile alichokifanya kwa mdomo wake mwenyewe. Aliweka kisu chini. Alimimina kahawa kwenye kikombe kimoja, akavaa koti, akajifunga skafu.

"Unaenda wapi sasa?" akauliza Milisav.

"Gerejini."

"Kufanya nini? Mapipa nimeyaangalia."

"Kukaa na kabichi," akasema Desanka. "Yenyewe inachachuka na kunyamaza."