Nakshi ya Jasi ya Al Wakrah

Mimi ni mtu wa Lamu, mwana wa fundi wa nyumba za mawe, na ujuaji wangu ndio ulioniponza.

Miaka ile nilikuwa mlinzi wa nyumba ya kale huko Al Wakrah, mji wa pwani katika nchi ya Waarabu. Ua katikati, kuta za mawe na udongo, dari ya boriti za mikoko kama za kwetu. Serikali ilikuwa imeiandikisha: haibomolewi, inakarabatiwa tu. Juu ya mlango wa chumba cha wageni palikuwa na nakshi ya jasi. Nusu ya zamani ilikuwa bado imesimama, nusu ilishakatika. Fundi mzee wa Kihindi aliijaza nusu hiyo kwa jasi mpya, akiichonga kwa kisu kidogo, tundu kwa tundu, wiki tatu nzima. Nilimwita ami, kama tunavyowaita ndugu za baba. Tulisemezana kwa Kiarabu cha kuokoteza, na chai yake nikiinywa kila siku.

Ijumaa moja, mafundi wamepumzika, niliona nyufa nyembamba kwenye kazi yake mbichi. Joto lilikuwa la kuua. Kwetu chokaa mbichi hunyweshwa maji siku kadhaa isipasuke. Utotoni hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Basi nikavuta mpira wa maji, nikaunywesha ule ukuta asubuhi, adhuhuri na alasiri. Wallahi nilijiona mtu mwema.

Kumbe jasi si chokaa: ikinyweshwa hulainika, na udongo ulio nyuma yake huyeyuka. Jumamosi nakshi yote ilikuwa chini, mpya na ya kale, vipande vya kuzoa kwa ndoo.

Msimamizi wa ukarabati hakuniuliza kitu. Aligusa unyevu, akamwambia mzee kwamba amechanganya jasi vibaya, ameharibu kitu kisichopatikana tena, arudi kwao. Nami, na sare yangu, nikashika ndoo nikazoa vipande. Nina watoto, nilijiambia. Na yeye alikuwa nao. Nilishawaona kwenye picha. Najichukia tangu siku ile, na sioni dawa yake.

Siku ya kuondoka alinijia getini na begi lake, akaninyoshea viganja.

"Wewe mwana wa fundi," akasema, "niambie kweli. Mikono hii imekosa nini?"

Nikaishika yote miwili.

"Ni uzee, ami."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanishukuru, akisema mimi peke yangu ndiye niliyemwambia kweli.